Moshi wa sigara umetoka kwenye basi, bado uko baa na selo

Dada yangu alidhani ni nguo. Kijana wake alitoka mahabusu siku ya Jumanne. Jioni ile ile nguo alizotoka nazo zilitiwa kwenye beseni na sabuni ya unga, zikafuliwa mara mbili na kuanikwa uani. Siku ya tatu chumba kilikuwa bado kinanuka sigara. Ndipo mama mtu akazunguka nyuma ya migomba na kumkuta mwanawe ameshika kipisi.

Kijana huyo, mpwa wangu, ana miaka 19. Alikaa mahabusu miezi mitano kwa kesi ya pikipiki iliyoibwa. Kesi ikafutwa baada ya mashahidi kutoonekana mahakamani mara kadhaa. Aliingia hajawahi kuvuta hata siku moja, akatoka anavuta sigara nne au tano kwa siku, akizipata.

Gereza alilokaa sitalitaja. Sina nia ya kumshtaki mkuu wa gereza fulani, na kwa ninavyojua hadithi hii ingeweza kutokea katika gereza lolote hapa Afrika Mashariki.

Nyumba ya dada iko Ngara, sehemu ya milimani, ambako ikifika Juni na Julai watu hufunga madirisha kabla jua halijazama. Ni vyumba viwili na sebule. Mtoto wake wa mwisho ana miaka sita na ana pumu. Mzazi mwenye mtoto wa pumu anajua maana yake: kuamka usiku kusikiliza kifua, kuhesabu fedha ya dawa ya kupuliza, kukataa mkaa usiwashwe ndani. Sasa kaka mtu anarudi nyumbani akiwa na moshi wake mwenyewe.

Nilipokwenda kumwona tulikaa nje, mimi na yeye. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu ilianzaje.

Usiku wa kwanza

Alinisimulia kwamba jioni wakishahesabiwa na mlango kufungwa, haufunguliwi mpaka asubuhi. Wamelala ubavu kwa ubavu, madirisha ni madogo na yako juu. Anayewasha sigara anawasha hapo hapo alipolala. Moshi hauna pa kwenda ila vifuani mwa watu.

Wiki ya kwanza alikohoa hadi wenzake wakamwona msumbufu. Wiki ya pili akajua kwamba fegi mle ndani ni fedha. Ukiwa nayo unapata nafasi karibu na dirisha, unafuliwa nguo, unaachwa kwa amani. Ukikosa, wewe ndiye unayefua. Kwa hiyo alianza kuzitafuta ili abadilishane nazo, wala si kwa kuvuta. Siku moja mtu mzima aliyelala jirani yake akampa pafu moja, akimwambia baridi itapungua.

Mpwa wangu alicheka aliposimulia hilo la baridi. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kuna jambo moja alilolisema bila kujua uzito wake. Nilimuuliza kwa nini hakulalamika kwa askari. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupanda ndege. Akasema, mjomba, nikilalamika mchana, usiku nafungiwa na nani?

Sheria tunayo tangu 2003

Tanzania Bara ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku iliyopitishwa na Bunge mwaka 2003. Inazuia uvutaji katika maeneo ya umma na vyombo vya usafiri wa umma, na inakataza kumuuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi ikaridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao ulianza kutumika duniani Februari 2005.

Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi kuwalinda watu dhidi ya moshi wa sigara za wengine kazini, kwenye usafiri wa umma na ndani ya majengo ya umma. Mwaka huo huo wa 2007 nchi wanachama walikubaliana mwongozo wa kuitekeleza ibara hiyo. Mwongozo unayataja magereza kwa jina. Unasema sehemu za kazi ambazo pia ni makazi ya watu, kama gereza au hospitali ya wagonjwa wa akili, ziangaliwe kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu wapo wanaofanya kazi humo na wao wanastahili kulindwa.

Tatizo la sheria yetu ni tundu moja kubwa: inamruhusu mwenye eneo kutenga sehemu ya kuvutia. Maana ya kutenga kila mtu anaijua kwa namna yake. Nimewahi kula chakula mahali ambapo "sehemu iliyotengwa" ilikuwa meza ya pembeni, hatua tatu kutoka nilipoketi na wanangu. Mwongozo ule wa kimataifa unasema wazi kwamba feni, madirisha na vyumba vya kutenga havitoshi. Ndani ya jengo, kinga ni kutovuta kabisa.

Asasi ya TTCF, inayofuatilia udhibiti wa tumbaku hapa nchini, imekuwa ikidai kwa miaka mingi sheria mpya inayolingana na mkataba. Majirani zetu wamekwenda mbele. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2007 ikaanza kazi mwaka uliofuata, na waliofika Nairobi wameona vibanda vya wavutaji mitaani. Rwanda, ambayo mtu wa Ngara anaiona ng'ambo ya mto pale Rusumo, ilipitisha yake mwaka 2013.

Uganda ilipitisha mwaka 2015 na ndiyo kali zaidi: hakuna kuvuta ndani ya eneo la umma wala ndani ya mita 50 kutoka hapo, na anayeruhusiwa kuuziwa ni wa miaka 21 kwenda juu. Kampuni ya BAT iliipinga Mahakama ya Katiba ya Uganda, ikashindwa Mei 2019.

Konda aliweza

Hata hivyo, sikubali ule usemi kwamba sheria zetu ni za kwenye makaratasi tu. Mzazi wa umri wangu anakumbuka mabasi ya miaka ya 80. Kutoka Kahama kuja Ngara kwa barabara ya vumbi, dereva anavuta, konda anavuta, mzee wa kiti cha mbele ana kiko. Mama aliyebeba mtoto mchanga alichokuwa na haki nacho ni kufungua dirisha, na akifungua analetewa vumbi. Hakuna aliyeona ajabu.

Leo panda basi Biharamulo, au shika Hiace ya Benaco, kisha jaribu kuwasha sigara. Hutafika nayo kwenye mdomo. Konda atapiga kelele, abiria watapiga kelele, na bibi wa kiti cha nyuma atakuuliza kama umelelewa na nani. Polisi hayupo. Faini haikutajwa. Wengi wa wanaokukemea hawajui hata kama kuna sheria ya mwaka 2003.

Ndivyo sheria hii inavyofanya kazi, pale inapofanya kazi. Inahitaji mtu mmoja mwenye dhamana ya chumba ambaye hapati hasara akikataza, na inahitaji watu ndani ya chumba ambao wanaweza kufungua kinywa bila kuogopa. Basi lina vyote viwili, na zahanati vilevile. Shuleni, mwalimu mkuu akitaka, anaweza.

Baa ina cha pili tu, tena kwa shida.

Nyakanazi usiku

Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda. Barabara ya Kahama, ya Kigoma, ya Bukoba na ya Ngara zinakutana hapo. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita, madereva wanalala, na mji haulali. Ukisogea mbele utafika Benaco, jina ambalo dunia ililijua mwaka 1994 wakimbizi walipovuka Rusumo, takribani 250,000 ndani ya siku moja. Siku hizi Benaco ni gesti, baa, maegesho ya malori na mishikaki.

Mwenye baa katika barabara hii ana hesabu yake. Dereva ametoka Dar es Salaam, ana uchovu wa siku mbili, ataagiza bia tatu na nusu kuku. Ukimwambia atoke nje kuvuta, mlango wa jirani uko wazi. Kwa hiyo hakuna anayemwambia. Anayevuta moshi huo usiku kucha ni mhudumu, binti wa miaka 20 au 22, mara nyingi ametoka kijijini, wakati mwingine ni mjamzito na hajasema kwa sababu akisema atapoteza kazi. Binti huyo ni mtoto wa mmoja wetu.

Tuseme ukweli pia kuhusu sisi wazazi. Jumapili baada ya misa tunawapeleka watoto sehemu hizo hizo kwa chipsi na soda. Kipaimara kinasherehekewa kwenye ukumbi wa baa. Harusi ikipamba moto, wajomba wanawasha wakiwa wamewapakata watoto, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyeharibu shughuli. Kwenye vilabu vya rubisi ni zaidi: kibanda cha chini, watu wamejaa, mama mwenye kilabu ana mtoto mgongoni tangu asubuhi.

Tena kuna hili la kumtuma mtoto dukani. "Nenda kaniletee sigara, chukua na kibiriti." Kwa sarafu moja au mbili mtoto wa darasa la tatu anauziwa sigara moja moja kama anavyouziwa pipi. Muuzaji anavunja sheria. Je, mzazi aliyemtuma?

Moshi wenyewe ni nini

Sitaki kuwajaza takwimu, ila chache zinahitajika. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji. Walikaa karibu tu.

Kwa mtoto mdogo, moshi huo unachochea pumu, unaleta nimonia na maambukizi ya masikio, na unaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini. Kwa mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito pungufu.

Hapa nchini wavutaji ni wachache kuliko tunavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 8.7 ya watu wazima: wanaume 14.6 kwa mia, wanawake 3.2. Mtu mmoja kati ya kumi na wawili hivi ndiye anayewavutisha wengine wote.

Kwa gereza kuna jambo la ziada, nalo ni kifua kikuu. Mvutaji ana hatari ya kuugua TB zaidi ya mara mbili ya asiyevuta, na moshi wa wengine nao unadhoofisha mapafu. Gerezani watu wamebanana na hewa ni ndogo, kwa hiyo TB husambaa humo kuliko uraiani. Mfungwa akiachiwa hurudi kwa mkewe, kwa mama yake, kwa mdogo wake mwenye pumu. Ukuta wa gereza hauzuii kikohozi.

Nani yuko ndani ya selo

Wilaya hizi mbili zina magereza. Biharamulo lipo, Ngara lipo, na kule Rusumo lipo. Tunayapita kila siku, lakini kwenye mazungumzo ya familia hayamo, mpaka siku mtoto wako aingie.

Walio ndani si wafungwa peke yao. Wapo mahabusu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani, kama alivyokuwa mpwa wangu. Kwa miaka mingi hao wamekuwa sehemu kubwa ya walioko magerezani nchini. Wapo askari magereza wanaokwenda humo kila siku kwa mshahara, na wana watoto nyumbani. Na katika magereza yanayopokea wanawake wapo watoto wachanga, kwa kuwa sheria inamruhusu mama kukaa na mwanawe anayenyonya.

Hakuna hata mmoja katika hao anayeweza kufungua mlango na kutoka nje apate hewa. Hapo ndipo gereza linapotofautiana na baa ya Benaco.

Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015 kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zinataka mahali pa kulala pawe na hewa ya kutosha na madirisha yanayopitisha hewa safi. Zinasema pia kwamba matibabu ya mfungwa yawe sawa na yanayopatikana uraiani. Hukumu ya jaji ni kumnyima mtu uhuru. Haijaandikwa popote kwamba apewe na ugonjwa wa mapafu.

Mahakama za mbali zimeshaliangalia jambo hili. Marekani, mfungwa mmoja wa jimbo la Nevada aitwaye McKinney aliwekwa selo moja na mtu aliyekuwa akivuta pakiti tano kwa siku. Aliandika madai yake mwenyewe, bila wakili, yakafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Mwaka 1993 majaji walio wengi walisema mfungwa ana haki ya kudai kwamba kumweka kwenye moshi wa namna hiyo kunahatarisha afya yake ya baadaye, hata kama hajaanza kuumwa.

Uingereza mambo yalikwenda tofauti. Mfungwa asiyevuta alitaka jambo dogo tu: simu za gerezani ziruhusu kupiga namba ya bure ya kulalamikia uvutaji, kama raia wengine. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikamkatalia, si kwa sababu moshi ni mzuri, bali kwa sababu sheria ile haikuandikwa kuibana serikali yenyewe kwenye majengo yake. Mnaotunga sheria mpya Dodoma, sentensi hiyo moja iangalieni.

New Zealand ilitangaza mwaka mmoja kabla, kisha Julai 1, 2011 ikafunga uvutaji katika magereza yote. Karibu theluthi mbili ya wafungwa walikuwa wavutaji. Watu walitabiri fujo. Walipewa plasta za nikotini na ushauri, na fujo kubwa iliyotabiriwa haikutokea. Baadaye mfungwa mmoja alifungua shauri, na mwishoni mwa 2012 mahakama ikasema katazo lile halikuwa limewekwa kihalali. Bunge likalazimika kurekebisha sheria. Scotland ilifuata Novemba 2018, na vipimo vilivyochukuliwa kabla na baada vilionyesha moshi hewani ulishuka kwa takribani asilimia 80 ndani ya wiki moja.

Wanaopinga wana hoja

Nilimweleza haya rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya uaskari magereza. Alinisikiliza, kisha akaniuliza mfungwa wa miaka 30 utamwachia nini ukimnyang'anya sigara. Akasema ukikataza, bei inapanda, wanaoingiza kwa siri wanapata nguvu, na anayeumia ni yule mdogo kabisa selo.

Siwezi kusema amekosea. Nchi zilizokataza zimeona biashara ya magendo ikikua ndani ya kuta. Na sisi hatuna plasta za nikotini za kugawa. Jaribu kuziulizia kwenye zahanati ya kata uone.

Ila tunaweza kuanza na pale ambapo mtu hana pa kukimbilia. Chumba cha kulala kisivutiwe, hasa usiku mlango ukishafungwa. Atakayevuta avute uwanjani mchana. Mahabusu vijana na wale wasiovuta wapangwe pamoja. Eneo la akina mama wenye watoto lisivutiwe hata kidogo, na kwa hili sioni mjadala. Hayo hayadai bajeti kubwa. Yanadai daftari la kupanga watu na mkubwa anayepita usiku.

Wa kuangalia kama yanafanyika wapo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina kazi ya kukagua magereza na kupokea malalamiko, na ndugu wa mahabusu anaweza kuiandikia bila kungoja aliye ndani ajitokeze. Hiyo ndiyo njia ya kulizunguka lile swali la mpwa wangu la "nafungiwa na nani". Sisi tulikuwa nje miezi mitano na hatukuandika barua hata moja. Hatukujua.

Kwa upande wa baa, kumbi na vilabu, halmashauri ya wilaya ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Diwani wako anaweza kupeleka hoja. Afisa afya wa kata anayekagua vyoo na jiko anaweza kukagua na hili. Mkiwa na harusi au kipaimara, anayelipia ukumbi ni ninyi, na kwa saa hizo sita ninyi ndio makonda.

Biharamulo kuna kizuizi kingine ambacho si vizuri kukifumbia macho. Kuna kaya zinazolima tumbaku. Kuna vijana waliomaliza kidato cha nne kwa fedha ya vyama vya msingi, na mabani ya kukaushia ndiyo yaliyowalipia. Ukisimama kwenye mkutano wa kijiji ukasema moshi wa tumbaku ni sumu, mzee mmoja atakuuliza kama unataka wajukuu wake waache shule. Jibu langu ni kwamba hakuna anayemkataza kuuza mzigo wake. Na mzee huyo huyo, nikimuuliza kama anaruhusu wajukuu walale ndani ya bani, atanishangaa.

Nyumbani kwa dada

Dada hakumfukuza kijana. Kuna jirani alimshauri afanye hivyo, amwambie aende kupanga chumba, lakini kijana aliyetoka mahabusu bila kazi atapangaje? Badala yake aliweka masharti yake mwenyewe. Hakuna kuvuta ndani ya nyumba wala barazani. Akivuta, koti linabaki nje kwenye msumari, ananawa mikono na uso ndipo aingie. Na asimshike mdogo wake kabla ya hapo.

Wiki za kwanza walikuwa wakigombana kila jioni. Ikinyesha, kijana anasimama chini ya mgomba ameshika gunia kichwani, na dada anamtazama dirishani, hamwiti.

Nilipita tena mwezi uliopita. Amepata kazi ya kupakia mizigo Benaco, amepunguza hadi sigara mbili kwa siku, hivyo anavyosema. Dada anasema ni tatu. Mtoto wa pumu alikuwa amelala. Dawa ya kupuliza ilikuwa juu ya kabati, imejaa kuliko nilivyoiona mara ya mwisho, na koti lilikuwa nje kwenye msumari.

Nilimuuliza kijana kuhusu wale aliowaacha ndani. Akasema yule mtu mzima aliyempa pafu la kwanza bado yuko, anasubiri kesi mwaka wa pili sasa, na kwamba anakohoa sana.